Mezani Bila Viatu

Mgeni anayefika Kunfunadhoo, kisiwa kidogo katika visiwa vya Baa huko Maldivi, huombwa viatu kabla hajaoneshwa chumba. Viatu hutiwa kwenye kifuko cha kitambaa, na tangu saa hiyo hadi siku ya kuondoka mwenyewe hutembea pekupeku: njiani, ufukweni, kwenye baa, na mezani wakati wa chakula cha usiku. Hoteli hiyo inaitwa Soneva Fushi. Waliifungua mwaka 1995 Sonu Shivdasani, mwenye asili ya Kihindi aliyesoma Oxford, na mkewe Eva Malmström, mwanamitindo kutoka Uswidi, na jina la Soneva limeungwa kutokana na majina yao wawili. Kaulimbiu yao ilikuwa fupi: hapa hakuna habari, hakuna viatu. Gazeti na kiatu vyote vibaki huko vilikotoka. Anayekubali sharti hilo hulipa zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa usiku.

Mtu aliyelelewa pwani ya Afrika Mashariki ana haki ya kucheka kidogo. Kwetu viatu huachwa mlangoni bila kuandikiwa kaulimbiu, na mtoto anayeingia navyo ndani hukemewa na bibi yake kabla hajavuka kizingiti. Mvuvi anayekula wali kwa samaki chini ya mkungu, nyayo zimejaa mchanga, hajawahi kuambiwa kwamba anastarehe. Lakini kicheko kisituzibe macho. Hoteli za namna hii zimeenea Maldivi, Polinesia ya Ufaransa, Fiji, Karibiani, Thailand, Zanzibar na Lamu, na kila mahali zinauza kitu kimoja: ruhusa ya kula chakula cha ghali huku vidole vya miguu vimezama mchangani. Ruhusa hiyo ina historia, ina mafundi wake, na ina itifaki kali kuliko ile ya koti na tai.

Hoteli ya Ritz ya London kwa miaka mingi iliwataka wanaume waingie kwenye ukumbi wa chakula na koti na tai. Mwenye koti baya alijulikana mara moja. Kwenye mchanga hajulikani mtu. Mwenye benki na daktari wa meno aliyeweka akiba muda mrefu wana nyayo zinazofanana. Watetezi wa mtindo huu husema huo ndio usawa. Mimi nauona kuwa usawa wa watu waliokwisha kuchujwa. Kazi ya koti ilikuwa kumzuia asiyetakiwa pale mlangoni. Sasa bei imeifanya kazi hiyo mapema, siku mtu alipolipia chumba, na mlinzi hana sababu ya kumkagua mgeni kuanzia kichwani hadi miguuni. Hakuna atakayemdhania kuwa maskini. Akishakuwa na hakika hiyo, ndipo anapoweza kuvua viatu na kufurahi.

Zamani hesabu ilikuwa kinyume, na shahidi tunaye. Ibn Battuta wa Tangier alipita pwani yetu mwaka 1331. Mogadishu walimpokea kama mtu wa elimu, wakamletea wali uliopikwa kwa samli kwenye chombo kikubwa cha mti, na vitoweo vyake: nyama, kuku, samaki, mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi na maembe. Alishangaa kuona mtu mmoja wa mji ule akila chakula cha watu kadhaa wa kwao. Siku ya Ijumaa, baada ya swala, sultani alivaa viatu vyake, akamwamuru kadhi avae vyake, akamwamuru na mgeni avae. Wakatembea kwenda nyumbani kwa sultani, na watu wengine wote wakafuata pekupeku. Miguu iliyofunikwa, kwa maelezo yake, ilikuwa ya mwenye dola, ya mwenye sheria na ya mgeni wa heshima.

Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini hapo nako aliandika habari za miguu. Penye milango ya misikiti palikuwa na visima vifupi. Watu walichota maji kwa kata ya mti, wakaosha miguu, wakaifuta kwenye jamvi nene, ndipo wakaingia. Wote, alisema, hutembea bila viatu. Miaka kumi na miwili baadaye akafika Maldivi, wakamfanya kadhi, na akakuta karibu mambo yaleyale: wakubwa kwa wadogo pekupeku, njia zimefagiwa na zina kivuli cha miti, na kwenye nyumba mtungi wa maji, kata ya kifuu cha nazi, na mkeka mgumu wa nyuzi wa kufutia nyayo kabla ya kuingia ndani.

Hoteli nyingi za Maldivi leo huweka mtungi na kata ya kifuu penye ngazi za chumba, ili mgeni amwagie miguu maji na mchanga usiingie kitandani. Kwa hiyo hao walioifungua Soneva mwaka 1995 hawakubuni kitu. Walichofanya ni kukichukua kilichokuwa cha kila mtu na kukifanya cha anayelipa.

Katikati ya enzi hizo mbili kuna picha nyingine, nayo ni yetu. Tazama picha za hoteli na nyumba za wakoloni Kenya na Tanganyika. Wenye veranda wamekaa na viatu vya ngozi na soksi ndefu. Nyuma yao wamesimama wahudumu wa Kiafrika, kanzu nyeupe zimepigwa pasi, mshipi wa rangi kiunoni, na chini miguu mitupu. Miguu ile haikuwa starehe ya mtu. Ilikuwa sehemu ya sare. Babu aliyefanya kazi ile, akifufuka leo na kuingia kwenye hoteli ya kifahari ya Diani au Nungwi, atakuta mjukuu wake anahudumu na viatu safi, na mzungu ndiye aliye pekupeku. Sijui kama atasema dunia imegeuka au atauliza kwanza mshahara ni kiasi gani.

Na Wazungu wenyewe walifikaje mchangani? Kwa sehemu kubwa, kwa kukosa kitu bora. Mwaka 1950, Ulaya ikiwa bado inauguza majeraha ya vita, Mbelgiji Gérard Blitz, aliyekuwa mchezaji wa polo ya majini, alipiga kambi ya mahema Alcúdia, kisiwani Mallorca, akaiita Club Méditerranée. Mahema yalikuwa ya jeshi, mabaki ya vita. Watu walikula kwenye meza za pamoja, wakikaa na wasiowajua. Baadaye wageni wa Club Med wakazoea kujifunga vitambaa vya Kitahiti na kulipia vinywaji kwa shanga walizovaa shingoni, kwa sababu aliyevaa nguo ya kuogelea hana mfuko wa kutia pochi. Ilikuwa likizo ya makarani na walimu, wala haikudai kuwa ya kifahari.

Ufahari uliingia kupitia mlango wa sinema. Katikati ya miaka ya 1950 Roger Vadim alikuwa Saint-Tropez akipiga filamu iliyomfanya Brigitte Bardot ajulikane dunia nzima. Kwenye ufukwe wa Pampelonne palikuwa na kibanda cha familia ya de Colmont, watu waliopenda tu kuishi kando ya bahari na kuwapikia marafiki. Watu wa filamu, njaa imewakamata, wakakiona kibanda, wakadhani ni mgahawa, wakauliza kama wanaweza kupata chakula cha mchana. Bibi Geneviève de Colmont akawapikia. Kibanda kikawa mgahawa kweli, kikaitwa Club 55, na hadi leo matajiri wa jahazi za fahari huja pale kuagiza, pamoja na vingine, kikapu cha mboga mbichi: karoti, nyanya, figili, vyote vizima, mteja akate mwenyewe. Napenda sana kisa hiki kwa sababu kinaonesha namna thamani inavyoweza kuzaliwa na mtu aliyebisha hodi pasipostahili. Mchanga ulikuwa ule ule jana yake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1972 ilifunguliwa Kurumba, hoteli ya kwanza ya Maldivi, ingawa miaka michache nyuma wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameona utalii hauwezekani kwenye visiwa hivyo. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe, mapaa ya makuti, na wageni wa mwanzo, Waitaliano walioletwa na wakala wa safari George Corbin, walikuwa hawana la kulalamikia kuhusu sakafu kwa kuwa sakafu ya maana haikuwepo. Mwaka 1979 huko Bora Bora ukafunguliwa mgahawa wa Bloody Mary's, sakafu ya mchanga mweupe, viti vya vigogo vya minazi, viatu mlangoni, na nje mbao zilizoandikwa majina ya watu mashuhuri waliowahi kula pale. Mbao zile zinasema mengi kuliko samaki. Hapo tayari miguu mitupu ilikuwa imepata orodha ya wageni.

Sasa tuje kwenye mchanga wenyewe, maana watu hudhani ni kitu kilichokuwepo tu.

Sakafu ya mchanga ni ngumu kuitunza kuliko ya marumaru. Marumaru hupigwa deki, kazi imekwisha. Mchanga hupigwa reki kabla wageni hawajaamka, ili alama za nyayo za usiku, vichungi vya sigara, mifupa ya samaki na kinyesi cha kunguru vitoke. Unachimbuliwa mara kwa mara na kuchekechwa, kwa sababu mafuta ya chakula hushuka chini na kuanza kunuka. Meza nayo haisimami yenyewe. Miguu yake huzama kidogo kidogo kadiri watu wanavyoiegemea, kwa hiyo chini hufukiwa vibao ambavyo mgeni havioni, na mhudumu mwenye uzoefu huijaribu meza kwa kiganja kabla ya kuweka glasi. Glasi ndiyo jinamizi la kila meneja. Ikivunjika kwenye vigae hufagiliwa. Ikivunjika mchangani, wageni huhamishwa, eneo lote huchotwa kwa koleo, na mchanga ule hautumiki tena hadi uchekechwe au utupwe kabisa. Rangi pia ina kazi yake. Mchanga mweupe wa matumbawe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, kwa hiyo saa saba mchana unakanyagika. Mchanga mweusi wa volkeno, ule wa fukwe nyingi za Tahiti, huunguza. Ndiyo sababu starehe hii imestawi zaidi penye matumbawe kuliko penye majivu ya volkeno, hata mandhari yawe mazuri namna gani.

Kuna pia wale wasiokaribishwa. Mchanga wenye mbwa na paka hubeba mabuu ya minyoo yao, ambayo hupenya ngozi ya unyayo na kutambaa chini yake, yakiacha mchirizi mwekundu unaowasha kwa wiki kadhaa. Madaktari wa Ulaya huyajua vizuri kwa watu waliorudi kutoka fukwe za Karibiani na Asia. Maldivi, kwa bahati ya sheria zake, haifugi mbwa, na jambo hilo halipo kwenye matangazo ya hoteli hata moja ingawa linazisaidia sana. Sisi Waafrika tuna mdudu mbaya zaidi. Mwaka 1872 meli kutoka Brazil ilitia nanga Ambriz, pwani ya Angola, ikiwa imejazwa mchanga tumboni ili iwe na uzito. Mchanga ulikuwa na funza. Mdudu huyo, ambaye wengine humwita tekenya, akaingia kwenye nyayo za wapagazi na kufuata njia za misafara, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amevuka bara zima hadi Bahari ya Hindi. Vizazi vya watoto wa Kenya, Uganda na Tanganyika vimefundishwa kwamba kuvaa viatu ni afya na kutovaa ni aibu. Halafu tunashangaa mwenyeji anapokuwa wa mwisho kuvutiwa na likizo ya kutembea pekupeku!

Bahari nayo ina sheria. Maldivi maji hupanda na kushuka kwa takriban mita moja. Meza ukiiweka kando ya maji saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku bado iko kando ya maji. Pwani ya mashariki ya Unguja, wakati wa bamvua, tofauti hufika karibu mita nne, na maji yakipwa bahari husogea mbali hadi mtu akajiuliza imekwenda wapi. Huwezi kuuza chakula cha jioni ufukweni bila jedwali la maji na mzee anayejua mwezi. The Rock, mgahawa uliojengwa juu ya jabali Michamvi Pingwe, umegeuza usumbufu huo kuwa biashara: maji yakipwa mteja huja kwa miguu, yakijaa huletwa kwa mashua, na wapo wanaokuja kwa miguu na kuondoka kwa mashua. Upande wa pili, karibu na Mji Mkongwe, fungu la mchanga la Nakupenda hujitokeza maji yanapopungua. Mashua hufika na vivuli vya turubai, majiko ya mkaa, kamba, pweza, samaki wa kuchoma na matunda. Watu hula, huogelea, kisha bahari hulidai fungu lake na wote huondoka, watake wasitake. Hoteli za Maldivi huuza kitu hicho hicho kwa bei nyingine kabisa: fungu zima kwa ajili ya watu wawili, viti vilivyochongwa mchangani, taa, mpishi wa peke yao, na boti inayosubiri mbali kidogo isiharibu picha. Nikiambiwa nichague, Nakupenda ina kelele zaidi na pilipili bora.

Chakula chenyewe kina kinaya chake. Kanuni ya meza hizi ni kwamba sahani ifanane na miguu: isivae sana. Polinesia hula jodari mbichi aliyekatwa vipande, akakamuliwa ndimu na kumiminiwa tui. Maldivi asubuhi kuna mas huni, jodari aliyechambuliwa akachanganywa na nazi ya kukuna, kitunguu na pilipili, huliwa kwa chapati nyembamba, na hoteli zenye adabu huwapa wageni chakula hicho badala ya kukificha kwa wafanyakazi. Kwetu kuna pweza wa nazi, kamba koche wa kuchoma, changu wa kupaka. Lakini samaki na nazi vikiisha kuhesabiwa, Maldivi huagiza nje karibu kila kitu kilichobaki. Ardhi ni ndogo, udongo ni mchanga. Saladi ya majani mawili na kipande cha embe, ile inayoonekana kana kwamba mpishi ameichuma akipita, huenda imesafiri kwa ndege, ikashushwa Malé, ikapandishwa boti au ndege ya majini, na kutunzwa kwenye jokofu linaloendeshwa kwa dizeli. Soneva walipoona uzito wa jambo hilo waliacha kuagiza maji ya chupa mwaka 2008, wakaanza kuchuja na kutia chupani maji yao wenyewe, na wakalima bustani. Nawapa haki yao. Hata hivyo bustani hailishi hoteli.

Jambo moja hunishangaza kila ninapozifikiria meza hizi. Mgeni amevua viatu, amevua saa, wakati mwingine amevua na shati, lakini uma na kisu havimtoki mkononi. Kwetu mambo haya mawili huenda pamoja: ukikaa mkekani umevua viatu, huletewa birika na bakuli, unanawa, unakula kwa mkono kutoka sinia moja na wenzako. Hao wameishia miguuni. Hoteli chache za Zanzibar na Lamu hutenga usiku mmoja wa chakula cha Kiswahili, mikeka, mito na masinia, na hapo ndipo utawaona watu waliozunguka dunia nzima wakicheka kwa haya, wali ukiwaponyoka kati ya vidole. Nafikiri wanajifunza zaidi usiku huo kuliko siku nyingine zote za pekupeku, kwa sababu ndio usiku pekee ambao mhudumu anajua jambo wasilolijua.

Tumfuate sasa mhudumu huyo hadi jikoni, hatua ishirini nyuma ya ukuta wa makuti. Sakafu ni ya vigae, na hakuna mtu aliye pekupeku. Wapishi wamevaa viatu vilivyofunika vidole, vya soli isiyoteleza, kwa sababu mafuta ya moto na visu havitambui starehe. Anayetoka na sahani hupita kwenye kizingiti kati ya dunia mbili mara mia kwa usiku mmoja, na pale huwekwa mkeka wa kufutia mchanga usije ukaingia kwenye chakula. Hoteli nyingine huwataka wahudumu wa mezani nao wavue viatu ili wafanane na wageni, nami sijui kama hilo ni usawa au ni ile kanzu ya zamani imerudi kwa jina jipya. Afadhali wangewauliza.

Na nje zaidi, kwenye mwamba ambako pweza wa meza hiyo ametoka, wanawake wa Paje na Jambiani wanaingia majini na viatu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko mwaka 1989, na anayeshinda kwenye maji ya magotini akifunga mwani kambani hujua chini yake kuna miiba myeusi, mawe makali na samaki wenye sumu. Mwenye raba kuukuu huivaa. Kwa hiyo ukisimama kwenye baraza ya hoteli wakati wa kupwa unaweza kuwaona kwa mpigo mmoja: aliyelipa kuvua viatu, na anayelipwa kidogo ambaye hathubutu kuvivua.

Kandambili nazo zina sehemu yao. Fukwe za Lamu na Kiwayu hupokea takataka zinazoletwa na mikondo kutoka sehemu nyingi za Bahari ya Hindi, na kati yake ndala ni nyingi ajabu, za kila rangi, mara nyingi za mguu mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Kiwayu, watoto walikuwa wakizikata na kutengeneza vitu vya kuchezea. Kutokana na hilo ikazaliwa kazi ya Ocean Sole, ambayo huzigeuza kuwa sanamu za twiga na tembo za kuuzwa. Mafundi wa Lamu wakaenda mbali zaidi. Walijenga jahazi la plastiki iliyosagwa, wakaufunika ubavu wake kwa ndala zipatazo 30,000, wakaliita Flipflopi, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Ni chombo cha rangi nyingi mno, kinachoonekana kutoka mbali, na mgeni anayekula pekupeku kwenye ufukwe uliofagiliwa alfajiri angefaa akione, ajue viatu vya wenzake viliishia wapi.

Ufukwe wenyewe, tukiufikia mwisho, ni kazi ya samaki. Mwaka 2015 wanasayansi walioongozwa na Chris Perry wa Chuo Kikuu cha Exeter walipima mchanga unaozalishwa kuzunguka kisiwa cha Vakkaru, Maldivi, wakakuta zaidi ya asilimia 80 unatokana na pono. Pono hung'ata matumbawe na miamba kwa meno yake mazito, husaga, hula kilicho laini, na kilichobaki hukitoa nyuma kama mchanga mweupe na laini. Mchanga wa chakula cha jioni umepita tumboni mwa samaki ambaye wavuvi wetu humsifu kwa usingizi na kumuuza Darajani bila sifa nyingine. Hoteli za Maldivi kwa kawaida huzuia uvuvi kwenye mwamba unaozizunguka, na hapo uzuri wa macho na hesabu za biashara vinakubaliana.

Lakini hata mchanga wa pono hautulii. Kaskazi inapovuma huusukuma upande mmoja wa kisiwa. Kusi ikija huurudisha. Visiwa vile vimekuwa vikihama hivyo tangu zamani, na wenyeji walijenga katikati, wakaziacha kingo ziende zitakako. Hoteli haiwezi. Imejenga mgahawa pale pale penye machweo, na mgeni wa Julai amelipia picha aliyoiona ya Januari. Basi huletwa pampu, mchanga hunyonywa kutoka chini ya wangwa na kupulizwa ufukweni, tope lake hufunika matumbawe ya karibu, na pono hukosa malisho. Mchanga unaopatikana kwa njia hiyo huja na vipande vya matumbawe vinavyochoma, kwa hiyo wafanyakazi huchekecha toroli kwa toroli, wakiwa wamevaa buti, hadi utakapofaa kukanyagwa na mtu asiye na viatu. Msimu ukigeuka, kazi huanza upya.